Mwenye nyumba anasema ni mkojo wa panya

Mjomba Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Goba, Dar es Salaam. Mwaka jana mwezi wa saba tulihamia kwenye nyumba ya kupanga, nyumba nzima, ya kisasa, ile ya paa la kuficha, bati limejificha nyuma ya ukuta. Siku tuliyokwenda kuiona ilikuwa inameremeta: dari ya jipsamu nyeupe pee, rangi bado inanukia. Tukalipa kodi ya mwaka mzima kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya miezi sita.

Mvua za vuli zilipoanza nikaona doa kwenye dari ya chumba cha watoto, kona ya upande wa bafuni. Lilianza dogo, rangi ya chai ya rangi. Sasa limeshapita upana wa sinia na lina mistari ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Nilipomwambia mwenye nyumba alimtuma kijana na ndoo ya rangi, akapaka. Wiki haikuisha, doa likarudi, safari hii la njano. Sebuleni nako, pale kwenye taa ya katikati, rangi imefura na dari ni kama imeshuka kidogo. Mvua ikiwa kubwa tunaona tone moja moja likidondoka pale pale kwenye taa. Na koridoni kuna vidoa vidogo vya kutu vimejipanga mstari.

Kinachonichanganya ni hiki. Januari lilikuwa jua tupu, lakini doa la chumba cha watoto liliendelea kulowa. Si kila siku: kuna asubuhi nalikuta limekolea, kesho yake linapauka. La sebuleni lenyewe lilikauka kabisa.

Mwenye nyumba anasema ule ni mkojo wa panya, eti tunaacha vyakula ovyo, kwa hiyo tutengeneze wenyewe. Mume wangu anasema bati limetoboka. Mama mkwe wangu, mtu wa Njombe, alikuja kututembelea akasema hilo ni jasho la bati tu, kwao kila nyumba inalo, tusimsumbue mwenye nyumba wa watu. Mwanangu mdogo ana kikohozi cha usiku kisichokwisha, na masika ndiyo hayo yanakuja. Dari itatuangukia? Na nani ana haki hapa?

Mama Wawili, Goba

*

Marahaba, Mama Wawili. Poleni sana.

Naanza na taa ya sebuleni kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja kidogo, hilo haliwezi. Taa ile msiiwashe tena. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, mwiteni fundi umeme aitenganishe ile laini ya taa na kuziba ncha za waya, ndipo muwashe sehemu nyingine za nyumba. Maji yakishaingia kwenye taa hayana haja ya kuwa mengi ili yamdhuru mtu.

Tone kutokea kwenye taa hakumaanishi kwamba bati limetoboka juu ya taa. Maji yakiangukia juu ya jipsamu hutambaa, hukusanyika pale palipoinama, halafu hutoka kwenye tundu la kwanza yatakalolikuta. Katikati ya sebule yako tundu lenyewe ni hilo alilotoboa fundi umeme. Mahali yalipoingilia panaweza kuwa mita kadhaa kutoka hapo, hata upande wa pili wa chumba. Mafundi wengi hupanda juu, wakapaka silikoni sawasawa na usawa wa doa, wakachukua hela yao. Mvua ijayo, yale yale.

Umeuliza kama itawaangukia. Inaweza, hasa hiyo ya sebuleni. Jipsamu ni unga wa jasi uliogandishwa katikati ya karatasi mbili. Ikiwa kavu ina nguvu za kutosha kujibeba, ikilowa inalegea na skrubu zinaanza kupenya kwenye ubao badala ya kuushika. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8, ukiwa mkavu, una uzito wa kilo 20 hivi. Ongeza ndoo moja ya lita 20 iliyojikusanya juu yake, mzigo umekuwa mara mbili na kinachoushika kimepungua. Kwa hiyo mvua ikinyesha mkaona dari inafanya tumbo, watoeni watoto chumbani, zimeni umeme, wekeni ndoo, halafu mtu mzima asimame pembeni, asiwe chini ya lile tumbo, atoboe tundu dogo kwa bisibisi yenye mpini mrefu pale palipoinama zaidi. Najua kuitoboa dari ya watu kunatia hofu. Lakini tundu la bisibisi fundi analiziba kwa dakika chache, na ubao ulioanguka hubomoka na kumwaga vumbi na maji juu ya kila kitu. Kwa sasa ondoeni makochi pale chini.

Tuje kwenye kesi ya panya, bati na jasho.

Mama mkwe tumpe heshima yake, maana huko kwao anachokisema kipo. Njombe, Makete, Lushoto, usiku wa mwezi wa sita na wa saba bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke hugeuka matone chini ya bati, na alfajiri yanadondoka. Lakini jasho lina tabia yake. Huja karibu dari nzima, vitone vitone vilivyotawanyika, na huja majira ya baridi. Halichagui kona moja ya chumba kimoja. Ninyi mwezi wa saba mlikuwa mmeshahamia na hamkuona kitu. Doa lilikuja na vuli, wakati wa joto la Dar. Si jasho.

Panya nao wapo, Dar ni nani asiye nao, na kweli mkojo wao hutia madoa. Madoa ya panya huwa madogo, yametapakaa kufuata njia zao, na yana harufu kali inayokaba pua, hasa mchana dari ikipata joto. Utawasikia usiku wakikimbia, na fundi akifungua mlango wa dari atakuta mavi yao meusi kama punje za mchele. Popo ndio hukojoa mahali pamoja, na hao harufu yao usingehitaji kuniandikia. Doa la upana wa sinia lenye mistari ya mviringo ni kitu kingine. Maji yanaposhuka hubeba vumbi la darini na rangi ya mbao za kenchi, zile zinazobeba paa. Yanapokauka huusukuma ule uchafu mpaka ukingoni na kuuacha pale. Yakija tena mengi zaidi, ukingo mpya huchorwa nje ya ule wa zamani. Kila mstari ni safari moja ya maji, kulowa na kukauka. Panya hachori hivyo.

Anabaki mume wako na bati lake, na yeye yuko karibu na ukweli, ila sidhani kama ameumaliza.

Barua yako ina jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko picha yoyote ambayo ungenitumia, nalo ni Januari. Doa la sebuleni lilikauka jua lilipokuja. Hilo ni la mvua, halina ubishi. Doa la chumba cha watoto liliendelea kulowa katikati ya kiangazi, na si kila siku. Mvua haimo hapo. Bomba linalovuja polepole nalo lingelowesha kila siku, mchana na usiku, bila kupumzika. Maji yanayokuja siku fulani na kuacha siku nyingine, kwa nyumba ya Goba, mimi najiuliza swali moja: asubuhi zile ulizolikuta limekolea, si ndizo maji ya mgao yalikuwa yametoka usiku?

Hukutaja tenki, lakini nyumba nyingi za paa la kuficha nilizowahi kupanda zina tenki juu ya slabu ya bafuni, limejificha nyuma ya ule ukuta wa juu. Doa lako lipo kona ya upande wa bafuni. Ndani ya tenki kuna boya linalofunga maji tenki likijaa. Boya likifa, maji ya mgao yanaingia usiku kucha na ya ziada yanatokea kwenye bomba la kufurikia. Kama bomba hilo halikuletwa mpaka nje ya ukuta, likaachwa limwage palepale juu ya paa, basi mna mvua yenu wenyewe kila maji yanapotoka.

Kulithibitisha hakuhitaji fundi. Chukua penseli, panda kwenye stuli imara, chora mstari kufuata ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni. Gusa dari kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Palipo na unyevu patakuwa pa baridi kuliko pembeni. Halafu funga koki inayoingiza maji kwenye tenki usiku wa mgao unaofuata, mwende na yaliyomo. Asubuhi gusa tena. Likibaki kavu na mstari wa penseli haujavukwa, umempata mhalifu, na boya jipya ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na dari. Likilowa hata hivyo, usiku mwingine funga koki inayotoa maji kutoka kwenye tenki kwenda bafuni. Likikauka hapo, ni bomba au kiungo chake kilicho darini, na hilo ni la fundi bomba. Jaribio lifanye siku zisizo na mvua, vinginevyo utajidanganya.

Sasa ile ya sebuleni. Paa la kuficha ni zuri machoni, mimi mwenyewe silipendi. Bati limelazwa karibu tambarare, limezungushiwa ukuta, na maji yote ya paa yanategemea mfereji mmoja uliopita kati ya bati na ukuta. Nyumba ya paa la kawaida gata likiziba, maji yanamwagika nje, yanachafua ukuta tu. Hii ya kwenu mfereji ukiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani: yanapanda mpaka yanapita juu ya ncha ya bati na kurudi darini. Nimekuta kwenye mifereji hiyo majani ya mwembe, mifuko, mpira wa watoto, na mara nyingi vipande vya zege ambavyo wajenzi waliviacha siku ya kumaliza kazi. Kama bomba la kufurikia la tenki lenu linamwaga humo humo, basi doa la watoto na doa la sebuleni yanaweza kuwa yanalishwa na mfereji mmoja, moja siku za mgao na jingine siku za mvua kubwa. Kwa hiyo fundi apande kwanza nje, asafishe mfereji, amwage ndoo kadhaa za maji na kuangalia yanaishia wapi. Aangalie pia pale bati linapokutana na ukuta, saruji iliyozibia hapo hupasuka kwa jua.

Halafu aingie darini mchana, azime tochi na kukaa kimya kidogo. Bati lililotoboka litajionyesha lenyewe, mwanga unapenya kama sindano. Asipouona mwanga, awashe tochi na kufuata michirizi kwenye kenchi na papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati: maji huacha alama nyeusi au za kahawia kwenye mbao, na alama hizo azifuate kupanda, asizifuate kushuka. Na mguu wake ukanyage mbao tu. Wapo mafundi walioshukia sebuleni kwa watu kupitia jipsamu. Wewe na mume wako msipande.

Vile vidoa vya kutu vya koridoni vilivyojipanga mstari ndivyo vingenipa shida kama ningekuwa mwenye nyumba. Hivyo ni vichwa vya skrubu. Vimejipanga kwa sababu skrubu zinafuata mbao za blandaringi, zile zinazoshikilia dari, na kutu imetoboa pati iliyofunika vichwa hivyo na rangi mpaka imetokeza. Skrubu haifikii hapo kwa mvua moja ya vuli. Unyevu umekaa juu ya korido kwa muda mrefu, na ninyi mliingia mwezi wa saba mkakuta rangi bado inanukia. Simtuhumu mtu, lakini fanya hivi: usiku zima taa zote, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na dari mwanga upite sambamba nayo, halafu tembea nao taratibu. Mchana dari yote inaonekana sawa. Mwanga wa kulala unaonyesha kila tumbo, kila kiraka cha pati, kila kiungo kilichofumuka. Ukikuta viraka vilivyopigwa msasa chini ya rangi mahali pale pale penye madoa, piga picha. (Wasomaji wengine mnaotafuta nyumba za kupanga au kununua wakati wa kiangazi, nendeni na tochi hiyo. Ukiona dari ya chumba kimoja ni nyeupe kuliko vyumba vingine, uliza kwa nini.)

Rangi ya yule kijana ilirudi njano kwa sababu rangi ya maji haizuii doa la maji. Inaliyeyusha upya na kulivuta juu. Chanzo kikishatibiwa, dari iachwe ikauke kabisa, kisha doa lipakwe kwanza rangi ya mafuta, ndipo rangi ya kawaida ije juu. Lakini kabla ya rangi, bonyeza kwa kidole gumba. Pakiwa pagumu, pamepona. Pakibonyea, au karatasi ikachubuka, kipande hicho kikatwe na kuwekwa kipya. Jipsamu iliyokwisha lainika hairudi ilivyokuwa hata ikauke mwezi mzima. Ya sebuleni naamini itabidi ikatwe.

Mtoto, mhamishe chumba leo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na ulisema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Huwezi kujua kwa macho kama ukungu umeota upande wa juu wa jipsamu, ila harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi ni dalili. Kikohozi cha usiku kisichokwisha apelekwe hospitali hata hivyo, na mweleze daktari habari ya dari, maana hawezi kuiuliza asiyoijua.

Kuhusu haki. Soma mkataba wako. Mikataba mingi humwachia mwenye nyumba paa, kuta na mabomba, na mpangaji hubaki na vitu kama balbu, vitasa na usafi. Angalia vizuri hapo kwenye usafi, maana wapo wanaoandika kwamba kusafisha mifereji ni juu ya mpangaji. Kama kwenu imeandikwa hivyo, gharama ya kuusafisha mfereji ni yenu, lakini boya, bati na dari iliyooza kabla hamjafika si vyenu. Na hata wangekuwa panya kweli, panya hawatii kutu skrubu za mstari mzima.

Usimpigie simu tena. Mwandikie ujumbe, pamoja na picha ya doa lenye mstari wa penseli na tarehe, picha za skrubu, na matokeo ya jaribio la koki. Mwombe aje na fundi wake wapande wao wawili, mume wako akiwa chini anaangalia. Binadamu akionyeshwa bomba linamwaga maji juu ya paa lake mwenyewe, habari ya panya huisha hapo hapo. Akisema hana pesa sasa, mnaweza kukubaliana mtengeneze ninyi na gharama ikatwe kwenye kodi ijayo, ila yaandikwe na kusainiwa kabla hamjanunua hata skrubu moja. Msikate kodi kwa uamuzi wenu, hapo mtampa yeye kesi. Akikataa kuja kabisa, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na picha zenu. Hawezi kumlazimisha kama mahakama, lakini wenye nyumba wengi hawapendi kuitwa ofisini pale.

Waliopo ghorofani chini ya slabu ya zege, ambao huniandikia kila masika: kwenu msitafute mistari ya mviringo. Tazameni unga mweupe wa chumvi, mstari wa kutu unaofuata nondo, na plasta inayolia kama kitu kitupu ndani ukiigonga. Plasta ikianza kudondoka na nondo kuonekana, huyo si fundi rangi anayehitajika, ni mhandisi.

Nawe, Mama Wawili, usikubali fundi afunge jipsamu mpya siku hiyo hiyo aliyotengeneza juu. Atakuambia anaondoka, ana kazi Mbezi. Mwache aende, mlipe ya juu peke yake. Acha tundu wazi mpaka mvua moja kubwa ipige na usiku mmoja wa mgao upite, mwangalie ndani kwa tochi. Pakiwa pakavu, aje afunge.